Ziwa Lina Umri Gani? Mafunzo Niliyopata Katika Matope ya Bonde la Ufa

Wavuvi wa Kyela, Kigoma na Mwanza wameniuliza swali hilo kwa namna nyingi: ziwa hili lilianza lini? Wakishajibiwa, huongeza la pili, ambalo ndilo zito zaidi: mmejuaje, na hakuna aliyekuwepo? Kazi yangu ya jiolojia imekuwa zaidi kwenye matope ya sakafu za maziwa kuliko kwenye miamba mikavu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kulijibu swali la pili. Naandika haya kwa msomaji anayeishi karibu na maji hayo, anayenywa maji yake na kula samaki wake, kwa sababu ana haki ya kujua namba tunazozitaja zinatoka wapi.

1. Kabla ya kupima, amua unapima umri wa nini

Ziwa ni vitu vitatu kwa pamoja: bonde lililozama, maji yaliyojaa ndani yake, na matope yaliyotulia chini. Kila kimoja kina umri wake. Anayetaja namba moja bila kusema ni ya kipi hajajibu swali.

Ziwa Victoria limenifundisha hili kuliko jingine lolote. Bonde lake lina takriban miaka 400,000. Zamani mito kama Kagera na Katonga ilitiririka kuelekea magharibi. Ardhi ya upande wa Bonde la Ufa la Magharibi iliponyanyuka, mito hiyo ilizuiliwa, maji yakarudi nyuma na kutanda juu ya nchi tambarare. Ndiyo sababu ziwa hili ni pana sana lakini kina chake hakizidi sana mita 80.

Lakini maji yaliyomo leo si ya umri huo. Mwaka 1996 mtafiti Thomas Johnson na wenzake walichapisha walichokiona walipochunguza sakafu ya ziwa hadi sehemu zenye kina kirefu kabisa: chini ya matope laini ya ziwa kuna udongo wa nchi kavu, wenye alama za mizizi ya nyasi. Kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, pale meli zinapopita leo palikuwa mbuga. Kisha mvua zikarudi na ziwa likajaa upya.

Tofauti ya namba hizo mbili ina uzito wake. Samaki waitwao furu wa Ziwa Victoria walikuwa zaidi ya spishi 500. Ukisema ziwa lina miaka 400,000, wingi huo hauleti mshangao mkubwa. Ukisema maji yenyewe yana miaka 15,000, wanabiolojia wanalazimika kueleza jinsi aina nyingi kiasi hicho zilivyochipuka kwa muda mfupi hivyo, na kutoka kwa mababu gani. Mjadala mzima wa furu umejengwa juu ya tarehe ya tabaka moja la udongo.

2. Unene wa matope hauwi miaka mpaka ujue kasi yake

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na chini ya maji hayo kuna mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Hakuna mtambo wa kuchoronga uliowahi kufika chini kabisa pale, ndiyo maana umri wake umepimwa kwa njia ya mzunguko.

Katika miaka ya 1980 mradi uliojulikana kama PROBE ulizunguka ziwa ukipiga mawimbi ya mtetemo kutoka chomboni na kusikiliza mwangwi wake. Mwangwi unaorudi haraka unatoka juu ya matope, na ule unaochelewa unatoka kwenye mwamba wa chini. Kwa njia hiyo ulipatikana unene. Kisha zikachukuliwa nguzo fupi za matope ya juu na kupimwa kwa kaboni-14, njia nitakayoieleza katika funzo la tano, ikapatikana kasi: matope yanaongezeka kiasi gani kwa mwaka. Mwaka 1993 Andrew Cohen, Michael Soreghan na Christopher Scholz waliziunganisha namba hizo. Jibu lao kwa sehemu ya kati ya ziwa lilikuwa kati ya miaka milioni 9 na 12, na sehemu za kaskazini na kusini zikaonekana kuwa changa zaidi. Namba unayoisikia ikitajwa kuhusu umri wa Tanganyika asili yake ni hapo.

Mantiki yake ni nyepesi. Matope yakijilimbikiza nusu milimita kwa mwaka, kilomita moja inahitaji miaka milioni 2. Ugumu uko kwenye mambo mawili. La kwanza, matope ya chini yamebanwa na uzito wa yaliyo juu, kwa hiyo unene tunaouona leo ni mdogo kuliko ule uliotua. La pili, kasi ya miaka elfu chache ya karibuni inachukuliwa kana kwamba ilidumu kwa mamilioni ya miaka, wakati mvua, mito na milima ya pembeni vimebadilika mara nyingi. Kwa hiyo ninapoitaja namba hiyo huko Kigoma nasema wazi kuwa ni makadirio yenye msingi mzuri, si tarehe iliyosomwa moja kwa moja. Siku tutakapopata majivu ya volkano kutoka chini kabisa ya mashapo yale, huenda namba ikasogea.

3. Tafuta majivu ya volkano

Majivu yana sifa ambayo matope ya kawaida hayana: yanaanguka ndani ya siku chache juu ya eneo kubwa, na ndani yake mna fuwele zenye saa. Saa hiyo ni potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani hubadilika polepole, na moja ya vitu inavyozaa ni gesi ya agoni. Nusu ya potasiamu hiyo huchukua takriban miaka bilioni 1.25 kubadilika. Mwamba unapokuwa umeyeyuka ndani ya volkano, agoni hutoroka. Fuwele ikishapoa, agoni inayozaliwa hunaswa ndani. Ukiipima agoni na potasiamu iliyobaki, unajua fuwele ilipoa lini.

Mfano bora uko kwetu, Bonde la Olduvai, ambalo wenyeji Wamaasai huliita Oldupai kutokana na mkonge-pori unaoota pale. Anayetembea chini ya korongo lile leo anaona nchi kame, lakini kuta zake zinaonyesha udongo wa mfinyanzi wa ziwa la kale, lililokuwa na chumvi na magadi, lisilo na mto wa kutoa maji yake nje, lililopanuka na kunywea kufuatana na mvua. Mwanajiolojia Richard Hay alilichora ziwa lile tabaka kwa tabaka katika kitabu chake cha mwaka 1976. Na kwa bahati njema ya sayansi, volkano za Nyanda za Juu za Ngorongoro zilikuwa zikimwaga majivu juu yake mara kwa mara.

Mwaka 1959 Mary Leakey aligundua hapo fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu. Mumewe, Louis Leakey, alikuwa amelikadiria kuwa na umri wa miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima majivu ya tabaka lile kwa potasiamu na agoni, wakapata miaka milioni 1.75. Makadirio ya awali yalizidishwa karibu mara tatu kwa kipimo kimoja. Vipimo vya kisasa vimelisogeza fuvu hadi takriban miaka milioni 1.84, na ziwa lenyewe linajulikana kuwepo tangu karibu miaka milioni 2 iliyopita.

Nimekaa saa nyingi mbele ya hadubini nikichagua punje za feldispa, fuwele zenye potasiamu, kwa koleo jembamba, moja baada ya nyingine. Ni kazi ya kuchosha macho, na sijawahi kuiona kuwa ndogo. Tarehe zote zitakazofuata zinategemea usafi wa punje hizo, na sababu yake iko kwenye funzo linalofuata.

4. Jivu lililosombwa na maji linaweza kubeba punje za wageni

Mashariki mwa Ziwa Turkana, nchini Kenya, kuna tabaka la majivu liitwalo KBS, herufi zilizotokana na jina la Kay Behrensmeyer, aliyegundua zana za mawe pale mwaka 1969. Wanasayansi Frank Fitch na Jack Miller walilipima na kupata miaka milioni 2.61. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu maarufu namba 1470 chini ya tabaka hilo. Kwa kufuata tarehe ile, fuvu likatangazwa kuwa na karibu miaka milioni 2.9, jambo ambalo lingelazimu historia nzima ya ukoo wa binadamu kuandikwa upya.

Waliotia shaka mapema ni wataalamu wa mabaki ya nguruwe wa kale. Nguruwe-mwitu wa Afrika Mashariki walibadilika haraka, hasa meno yao ya nyuma, na mabadiliko hayo yalijulikana vizuri huko Bonde la Omo, Ethiopia, kaskazini mwa ziwa hilo. Mmoja wao, Basil Cooke, alionyesha kwamba nguruwe waliopatikana chini ya KBS wanafanana na wale wa Omo wa miaka milioni 2 hivi. Ama nguruwe wa kando mbili za ziwa moja waliishi nyakati tofauti, ama tarehe ya majivu ilikuwa na kasoro.

Maabara ya Curtis ilipima tena mwaka 1975 ikapata namba ndogo zaidi. Ubishi ukaendelea kwa miaka. Ulitulia kuanzia mwaka 1980, Ian McDougall wa Australia na wengine waliotumia njia tofauti walipokutana kwenye takriban miaka milioni 1.88. Watafiti Frank Brown na Thure Cerling nao walionyesha, kwa kulinganisha kemia ya vioo vya volkano, kwamba KBS na tabaka moja la Omo ni majivu ya mlipuko uleule. Nguruwe walikuwa wamesema kweli.

Kilichosababisha tatizo ni kwamba majivu yale hayakubaki yalipoangukia. Maji yaliyasomba, na njiani yakachanganyika na fuwele za miamba ya zamani zaidi. Punje chache za kale zikiingia kwenye sampuli inayoyeyushwa kwa pamoja, wastani wote unapanda. Siku hizi fuwele huyeyushwa moja moja kwa leza, kila moja ikatoa umri wake, na ile ngeni hujitenga yenyewe kwa namba yake. Mimi huanza uwandani: naangalia kama tabaka lina mawimbi ya mkondo, kokoto au vipande vya udongo. Likiwa navyo, nalichukua kwa tahadhari na kwenda kutafuta lililoanguka kwenye maji matulivu.

5. Kabla ya kuamini kaboni, uliza imetoka wapi

Kwa maziwa ya miaka isiyozidi 50,000 hivi tunatumia kaboni-14, njia aliyoianzisha Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940. Kila kiumbe hai huchukua kaboni hiyo kutoka hewani. Kikifa hakipati nyingine, na kila baada ya miaka 5,730 nusu ya iliyomo hupotea.

Tatizo la ziwa ni kwamba viumbe wa majini hawali kaboni ya hewani peke yake. Maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa, au yanayopokea gesi ya volkano kutoka chini kama Ziwa Kivu, yana kaboni ya kale isiyo na kaboni-14 kabisa. Konokono aliyejenga gamba lake kwa nusu ya kaboni ya aina hiyo ataonekana ana miaka 5,730 siku ileile anayokufa. Usipolijua hili, ziwa zima litazeeka kwenye karatasi yako.

Kwa hiyo maabarani tunachuja matope kwa subira tukitafuta kilichotoka nchi kavu: kipande cha jani, mbegu ya nyasi, mkaa wa moto wa porini. Hivyo vilipumua hewa. Kipande cha mkaa kidogo kuliko punje ya mchele kina thamani kwangu kuliko mfuko wa magamba mazuri.

6. Mwaka mmoja, tabaka moja

Ziwa Chala liko mpakani mwa Kenya na Tanzania, kati ya Taveta na Rombo, ndani ya kasoko chini ya Mlima Kilimanjaro. Chini kabisa hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna minyoo wa kuvuruga matope. Majira ya kiangazi chenye upepo, maji ya juu hupoa na kuchanganyika, na dayatomu, mwani mdogo sana wenye magamba ya kioo, huongezeka kwa wingi na kuacha tabaka jeupe. Miezi mingine huacha tabaka jeusi. Jeupe na jeusi pamoja ni mwaka mmoja.

Mara ya kwanza nilipoona matope ya aina hii yamepasuliwa mezani, mistari yake ikiwa myembamba na iliyonyooka, nilielewa kwa macho kile nilichokuwa nimekisoma kwa miaka: mwaka wa mvua nyingi na mwaka wa ukame haifanani, na yote miwili imelala pale ikiwa na mpangilio wake. Mwaka 2016 timu ya kimataifa, Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent akiwa miongoni mwa viongozi wake, ilichoronga Chala na kupata kumbukumbu ya takriban miaka 250,000.

Hata hivyo kuhesabu mistari hakutoshi. Mmoja unaweza kufutika, mwingine ukajigawa mara mbili. Matabaka ya karne moja na nusu ya karibuni tunayahakiki kwa risasi-210, ambayo nusu yake hupotea kwa miaka 22 hivi, na yaliyo chini zaidi kwa kaboni-14.

7. Saa zisizojuana zikikubaliana, hapo ndipo unaamini

Mwaka 2005 mtambo wa kuchoronga ulielea juu ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, penye maji ya karibu mita 600, ukaingia mita 380 ndani ya sakafu. Mashapo yale yanarudi nyuma zaidi ya miaka milioni moja. Kuyapa tarehe kulihitaji kila njia tuliyonayo: kaboni-14 juu, majivu ya volkano za Rungwe katikati, na usumaku wa dunia chini.

Usumaku unafanya kazi hivi: punje ndogo za madini yenye chuma zinapotua hujipanga kufuata ncha ya sumaku ya wakati huo, na ncha hizo zimewahi kubadilishana mahali mara nyingi. Mara ya mwisho ilikuwa takriban miaka 780,000 iliyopita. Kipindi kimoja cha zamani zaidi, kati ya miaka milioni 1.95 na 1.78 hivi, kinaitwa Olduvai duniani kote kwa sababu kilitambuliwa kwenye lava za korongo letu. Lakini sumaku hukuambia tu kwamba ncha zimegeuka. Ni mgeuko upi, lazima saa nyingine ikwambie.

Shahidi wa mwisho alitoka mbali. Mwaka 2013 Christine Lane na wenzake walitangaza kwamba ndani ya matope ya Nyasa wamepata vioo vidogo vya volkano, visivyoonekana kwa macho, ambavyo kemia yake ni ya mlima Toba wa Sumatra, uliolipuka miaka 75,000 hivi iliyopita. Vioo hivyo vilivuka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 7,000. Vilipokaa kwenye mita yao katika nguzo ya matope, tarehe za jirani zililazimika kusogea. Ukame mkubwa ulioshusha ziwa kwa mamia ya mita ukaonekana kuisha angalau miaka 10,000 mapema kuliko ilivyodhaniwa.

Tangu hapo sitangazi tarehe iliyotegemea saa moja kama naweza kupata ya pili. Na nikiitangaza, naiweka pamoja na mipaka yake. Namba isiyo na kiasi chake cha shaka haimsaidii anayetaka kuitumia.

8. Tarehe hizi ni za watu wanaoishi kando ya maji

Sehemu kubwa ya umeme wa Malawi hutoka Mto Shire, na Shire hutoka Ziwa Nyasa. Kati ya mwaka 1915 na 1935 hivi ziwa lilishuka kiasi kwamba maji hayakutoka kuingia mtoni. Miaka 20 hiyo ilitokea ndani ya maisha ya watu ambao wajukuu wao tunawajua. Vipimo vya kina cha ziwa vina zaidi kidogo ya karne moja. Anayepanga mabwawa, umwagiliaji au uvuvi anahitaji kujua vipindi kama hivyo huja kila baada ya muda gani, hudumu miaka mingapi, na maji hurudi kwa kasi gani. Karne moja haiwezi kumjibu. Matope yanaweza, lakini ni matope yenye tarehe tu. Tabaka la ukame lisilo na umri linakwambia kwamba ukame ulikuwepo, basi.

Nguzo za matope ya Nyasa zimehifadhiwa vizuri kwenye ghala la baridi huko Minnesota, Marekani, na watafiti wa nchi nyingi wanaruhusiwa kuzisoma. Nashukuru kwamba zipo salama. Ila nataka kuona vijana wa Kyela, Karonga, Ujiji, Kalemie na Kisumu wakiwa miongoni mwa wanaozisoma, na vyuo vyetu vikiwa na maabara za kuchuja, kupima na kubishana juu ya namba hizi. Kijana anayesoma haya na kupenda sayansi asikae kusubiri mtambo mkubwa uletwe. Aanze na ukingo wa ziwa lake: aangalie matabaka mto ulipokata, achore, atafute mstari wa majivu au mkaa, na mbele ya kila namba anayoambiwa aulize maswali matatu. Ni umri wa bonde, wa maji au wa matope? Umepimwa kwa saa ipi? Na saa nyingine zimesemaje? Mwenye maswali hayo tayari ameanza kazi ya jiolojia, na maziwa yetu yanamhitaji.